Uchawi Huu Analipa Nani?

Hakimu ni gorila mzee, ndevu nyeupe, miwani ya dhahabu isiyo na vioo. Mbele yake kasimama mtoto wa mbao aliyetapeliwa na Mbweha na Paka. Walimshawishi afukie sarafu zake nne za dhahabu ardhini ili ziote mti wa fedha, kisha wakazifukua na kutokomea. Mtoto anaeleza kila kitu, majina ya wezi na sura zao. Hakimu anamsikiliza kwa upole, anaingiwa na huruma, halafu anapiga kengele. Wanaingia mbwa wawili waliovaa sare za askari. Huyu maskini, hakimu anawaambia, kaibiwa sarafu nne za dhahabu, mkamateni mkamfunge.

Anakaa ndani miezi minne. Siku mfalme wa mji anaposhinda vita na kutangaza msamaha, milango ya jela inafunguliwa, wahalifu wanatoka, yeye anazuiwa. Msamaha huu si wako, mlinzi anamwambia, wewe si mmoja wao. "Samahani, hata mimi ni mhalifu." Kumbe! Mlinzi anavua kofia kwa heshima na kumfungulia.

Tukio hilo limo katika hadithi ya Pinocchio, ambayo Carlo Collodi aliitoa kwa mafungu katika gazeti la watoto la Italia kati ya 1881 na 1883. Muulize mtu yeyote hadithi hiyo inafundisha nini, atakujibu bila kufikiri: usiseme uongo, pua itarefuka. Lakini hapa mtoto amefungwa kwa kusema kweli na ameachiwa kwa kusema uongo, na pua imetulia pale pale ilipokuwa.

Wanaokumbuka nyenje mwenye busara, yule mshauri, nao wakisome kitabu upya. Nyenje anatoa wosia wake katika sura ya nne, na kabla sura haijaisha Pinocchio amemrushia nyundo ya mbao na kumbandika ukutani, mfu. Usiku unaofuata anasinzia miguu ikiwa juu ya jiko la makaa, na miguu yote miwili inaungua ikawa majivu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sisi tunasema, na Collodi alilichukua jambo hilo neno kwa neno bila kuijua methali yetu. Baba yake, Geppetto, ndiye anayemchongea mingine. Ni Geppetto huyo huyo atakayeuza koti lake la pekee wakati wa theluji ili mtoto apate kitabu cha kusomea, kitabu ambacho mtoto atakiuza kesho yake aende kutazama mchezo wa vikaragosi.

Hilo koti ndilo nililobaki nalo mimi. Nimesoma riwaya za njozi za watoto kwa miaka mingi, nyingine mara nne tano, na nimefika mahali siamini tena anachosema mzee mwenye ndevu katika sura ya mwisho. Karibu kila riwaya ya aina hii ina mzee wake, na mzee ana hotuba yake, na hotuba ndiyo inayonukuliwa kwenye kadi na kuandikwa na wanafunzi wakiulizwa "taja mafunzo matano". Mimi naangalia hesabu. Uchawi katika hadithi hizi haupatikani bure. Ukitumika, kuna anayepungukiwa. Kama unataka kujua mwandishi anaamini nini kuhusu haki, tazama anayelipa ni nani, analipa nini, na kama hadithi yenyewe inamwona anapolipa.

(Najua neno uchawi kwa Kiswahili lina uzito wake. Mzazi akilisikia tu anashtuka, na wapo wanaovifungia vitabu hivi kabatini kwa sababu ya neno moja. Lakini uchawi wa riwaya za watoto mara nyingi ni njia ya kuyafanya matokeo ya tendo yaonekane kwa macho. Mlafi anavimba kweli, mwongo anaota pua.)

Waingereza wa karne ya 19 hawakuwa na haya katika kuhubiri. Charles Kingsley, mwaka 1863, alimtumbukiza majini mtoto msafisha mabomba ya moshi aitwaye Tom, akamweka chini ya ulezi wa bibi mmoja ambaye jina lake lote, kwa Kiswahili, lingekuwa Utatendewa-Ulivyotenda. Tom amekuwa akiwatia vijiwe mdomoni viumbe wa baharini waliokaa wakisubiri chakula. Siku bibi anapogawa peremende, Tom anatiwa kinywani kijiwe kibaridi. Ni mahubiri, ndiyo, lakini mbele kidogo bibi huyo anawapanga mstari madaktari waliowanywesha watoto sumu kwa jina la dawa, anawang'oa meno na kuwanywesha dawa zao wenyewe. Kingsley alijua kuwa hesabu ya mtoto anayetumwa kupanda ndani ya bomba la moshi haiishii kwa mtoto.

Miaka miwili baadaye akaja Lewis Carroll na kuicheka biashara yote. Alice wake, ambaye tafsiri ya Kiswahili ya 1940 ilimwita Elisi, anakutana na bibi wa kifalme anayeamini kuwa kila jambo lina funzo, kazi ni kuliona tu. Heroe huuma, haradali huuma, kwa hiyo funzo ni kwamba ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja. Alice anamkumbusha kwamba haradali si ndege. Hakuna jibu bora kuliko hilo kwa wanaoorodhesha mafunzo.

Sasa tuje kwenye kiwanda cha chokoleti. Roald Dahl alichapisha riwaya yake hiyo mwaka 1964, na kwa mtazamo wa kawaida hakuna kitabu chenye mafunzo yaliyo wazi zaidi. Watoto watano wanaingia kiwandani. Mmoja ni mlafi, mwingine kadekezwa, mwingine hatoi chingamu mdomoni, mwingine hajui jingine ila televisheni. Kila mmoja anapatwa na adhabu inayofanana na kosa lake, na kila adhabu ikitimia wafanyakazi wadogo waitwao Oompa-Loompa wanajitokeza kuimba wimbo wa mawaidha. Anayebaki ni Charlie, maskini na mpole, naye anarithi kiwanda.

Nilimsomea mpwa wangu kitabu hicho alipokuwa na miaka tisa. Alicheka sana binti wa chingamu alipovimba na kugeuka tunda la buluu. Wimbo ulipoanza akanikatiza.

"Mjomba, hawa wanaoimba wanalipwa?"

"Wanalipwa punje za kakao."

"Kakao tu?"

Nikafunua ukurasa haraka. Lakini swali lake lilikuwa la kweli kuliko nyimbo zote zilizomo mle. Mwenye kiwanda aliwafukuza wafanyakazi wake wa awali, akawasafirisha Oompa-Loompa kwa siri ndani ya makasha yaliyotobolewa matundu ya hewa, akawafungia kiwandani wasitoke, na anapotaka kujua kama chingamu mpya ina madhara huwajaribishia wao. Katika toleo la 1964 walikuwa mbilikimo kutoka Afrika. Baada ya malalamiko, Dahl akawabadilisha katika toleo la 1973: ngozi ikawa nyeupe na nchi yao ikawa ya kubuni. Rangi ilibadilika, mshahara haukubadilika. Hadithi imefungua macho yote mawili kwa kosa la mtoto anayetafuna chingamu, na imeyafumba kabisa kwa tajiri anayelipa kakao. Na wanaopewa kazi ya kuhubiri ni hao hao wasiolipwa.

Charlie naye, tukimtazama vizuri, hashindi kwa tendo lolote. Anashinda kwa kutokosea. Anafuata nyuma, anashika mkono wa babu yake, wenzake wanapukutika. Waliotengeneza filamu ya 1971 waliliona pengo hilo: wakaongeza jaribio, Charlie akapewa nafasi ya kuuza siri ya peremende isiyoisha, naye anairudisha mezani kwa mwenye nayo. Watu wengi wanadhani tukio hilo limo kitabuni. Halimo.

C. S. Lewis ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu aliandika akiwa Mkristo asiyejificha na bado ndiye aliyenionyesha jinsi ya kunyamaza. Katika kitabu chake cha kwanza cha Narnia, nchi yake ya kubuni, cha 1950, mtoto Edmund anawasaliti ndugu zake kwa ajili ya halua ya Kituruki iliyorogwa, ambayo ukiila hushibi. Anakombolewa. Asubuhi yake, umande ukiwa bado majanini, ndugu zake wanamwona kwa mbali akitembea peke yake na Simba, mtawala wa nchi hiyo, wakizungumza. Hapa ndipo mhubiri yeyote angekaza mkanda. Lewis anaandika kwamba hakuna haja ya kutuambia Simba alisema nini, na hakuna aliyesikia. Simba anamrudisha mtoto kwa wenzake na kuwaambia kuwa yaliyopita hayana haja ya kuzungumzwa naye tena. Baadaye tunaona deni likilipwa: Simba anakufa mahali pa msaliti, na msaliti vitani anaivunja fimbo ya Mchawi aliyemlaghai kwa halua ile na kujeruhiwa karibu kufa. Simba hakuongeza hotuba yoyote juu ya hapo.

Mwandishi huyo huyo, mwaka 1956, akafunga mfululizo wake kwa ajali ya treni. Watoto walioipenda Narnia wanakufa na kuingia katika nchi iliyo bora zaidi, wazazi wao nao wamo. Susan pekee, dada yake Edmund, hayupo, kwa sababu siku hizi, tunaelezwa, anapenda soksi za nailoni, rangi ya mdomo na mialiko. Sentensi chache tu, kisha watu wazima na watoto wanaendelea kufurahia milima. Kwa hesabu yangu Susan amebaki duniani bila ndugu, bila baba, bila mama, na miili ya kuzika, na kitabu hakigeuki hata mara moja kumtazama. Aliyetufundisha kumsamehe Edmund hakumpa Susan nafasi ya kutembea na Simba kwenye umande. Philip Pullman, aliyeanza mfululizo wake mwaka 1995, hajaficha chuki yake kwa Narnia, na nadhani katika jambo la Susan ana haki.

Pullman mwenyewe anadai malipo makubwa. Shujaa wake, Lyra, ni mwongo mwenye kipaji, na uongo wake umemwokoa mara nyingi. Anapofika kwenye nchi ya wafu, katika kitabu cha tatu cha 2000, anaanza kusimulia visa vyake vya kubuni, na ndege wa kutisha anayelinda lango anamrukia usoni akipiga kelele kwamba ni mwongo. Anapowasimulia wafu kweli tupu, matope na ugomvi wa utoto wake, ndege wale wanatua na kusikiliza. Lakini kabla ya hapo, ili avuke tu mto, alilazimika kumwacha ufukweni mnyama ambaye ni nusu ya nafsi yake. Kurasa hizo nimezisoma mara mbili na sitaki mara ya tatu.

Kama ningelazimika kuchagua waandishi wawili walioelewa jambo hili kuliko wengine wote, ningemtaja Ursula Le Guin na Mjerumani Michael Ende.

Katika riwaya ya Le Guin ya 1968, kijana Ged anasomea uchawi kisiwani Roke. Ana kipaji na ana majivuno. Mwalimu mmoja anamwonya kuwa kugeuza hata kijiwe kiwe kito cha kweli ni kubadili dunia, na kwamba kuwasha mshumaa ni kuzua kivuli. Anasikia bila kusikiliza. Usiku mmoja, kwa kushindana na mwenzake aliyemdharau, anamwita mfu kutoka kuzimu, na kupitia ufa ule linatoka jambo lisilo na jina linalomrarua uso. Mchuma janga hula na wa kwao: mkuu wa chuo, mzee Nemmerle, anauziba ufa kwa nguvu zake zote na anakufa kabla ya alfajiri. Ged hapigwi viboko wala hafukuzwi. Anaishi na makovu, kigugumizi na kivuli kinachomwinda baharini. Mwishoni, anapokiwinda yeye na kukikuta, hakuna pigano. Kila mmoja anamwita mwenzake kwa jina, na jina ni moja: Ged. Mtoto anayesoma hapo haambiwi usijivune. Anaona kwamba baya alilolifungulia mlango lina jina lake, na hakuna mwingine wa kulibeba.

Ende, katika riwaya yake ya 1979, anampa mtoto mnene na mwoga aitwaye Bastian kidani kilichoandikwa "fanya upendalo". Kila anachotamani kinakuwa. Anatamani awe mzuri wa sura, anakuwa, na papo hapo anasahau kwamba aliwahi kuwa mnene. Anatamani nguvu, anatamani sifa, na kila tamanio linabeba kumbukumbu moja ya kule alikotoka. Ujanja wa Ende ni kwamba Bastian haoni akipoteza kitu, utasikitikiaje usichokumbuka? Msomaji ndiye anayeona. Kisha anafika kwenye mji wa waliomtangulia, watu wazima waliotamani hadi kumbukumbu zikaisha. Nyani mmoja anawasimamia, amewapa dadu zenye herufi. Wanazirusha siku nzima na kusoma maneno yasiyo na maana, kwa kuwa bila kumbukumbu hakuna awezaye kutunga hadithi. Wakirusha miaka na miaka, huenda siku moja hadithi ikatokea kwa bahati. Nilipokuwa kijana nilidhani ukurasa huo ni mchezo tu wa mwandishi. Sasa unanitisha kuliko majoka yote.

Huruma nayo ina historia ya ajabu katika fasihi hii. Wengi wanajua tukio la Bilbo na kiumbe Gollum kwenye handaki, katika The Hobbit ya J. R. R. Tolkien: Bilbo ana pete ya kumficha, ana upanga, Gollum amekaa njiani akiziba njia ya kutokea. Kumwua ingekuwa rahisi. Ghafla Bilbo anayaona maisha ya yule kiumbe, siku zisizo na nuru zikifuatana, na anamruka badala ya kumchoma. Ni kiini cha yote aliyoandika Tolkien baadaye, kwa sababu Frodo, mrithi wa Bilbo, atakapofika kwenye moto wa mlima atashindwa kuitupa pete, na itakayoikomesha ni kuwapo kwa Gollum pale, hai, aking'ata kidole. Basi tukio hilo halimo katika toleo la 1937. Katika toleo hilo Gollum yuko tayari kuitoa pete kama zawadi, anaikosa, anaomba radhi na kumwonyesha Bilbo njia ya kutokea. Tolkien aliiandika upya sura hiyo alipoona hadithi kubwa inamdai, na wasomaji wakaipata katika toleo la 1951. Ninachokipenda zaidi ni kwamba Bilbo anahurumia akiwa haonekani, gizani, bila shahidi. Hakuna anayempigia makofi, na katika kitabu kile hapati chochote kwa tendo lile.

Waandishi wa sasa wanajaribu hesabu nyingine. Nnedi Okorafor, katika riwaya yake ya 2011 inayotokea Nigeria, ameifanya elimu yenyewe kuwa kipato: mhusika akijifunza jambo la kweli, sarafu zinamwangukia kutoka hewani. Na kile ambacho dunia ya kawaida inakiita kasoro ndicho chanzo cha nguvu. Kijana ambaye herufi zinamkanganya anaposoma ana uwezo wa kutengua uchawi wa wengine. Ni wazo linalofariji, na labda linafariji kupita kiasi, kwani si kila kilema kina zawadi ndani yake. Hata hivyo sarafu zile napenda zinavyoanguka bila kujali nani ni mtoto wa nani.

Utasema natafuta makosa mahali ambapo mtoto hatafuti. Ningekubali, kama nisingemsomea mtoto.

Miaka miwili baada ya kile kiwanda cha chokoleti, mpwa wangu na mimi tulifika mwisho wa Harry Potter. Vitabu saba, 1997 hadi 2007, na mahubiri yake makuu yanajulikana: upendo unashinda kifo, na tunavyochagua ndivyo tulivyo. Ndani ya vitabu hivyo kuna vibwengo watumishi, wasiolipwa, wanaorithiwa kama samani. Hermione, rafiki wa Harry, anaanzisha chama cha kuwatetea, na wenzake wanamcheka. Kibwengo mmoja, Kreacher, amedharauliwa hadi akamsaliti bwana wake, na mzee mwenye ndevu anatoa hotuba nzuri kuhusu gharama ya kumtendea hivyo. Usiku wa vita vya mwisho Kreacher huyo huyo anawaongoza vibwengo kutoka jikoni, visu vya nyama mikononi, kupigana.

Vita vinaisha. Harry amechoka, anafikiria kitanda chake, na kama Kreacher anaweza kumletea sandwichi.

"Si aliachiwa huru kwa soksi?" mpwa wangu akauliza.

"Yule ni Dobby."

"Na huyu?"

Nikamwambia huyu bado. Akaninyang'anya kitabu, akafungua zile kurasa za mwisho zinazosimulia miaka 19 baadaye, stesheni, moshi wa treni, watoto wenye majina ya waliokufa, na akaanza kupitisha kidole mstari kwa mstari akilitafuta jina. Alipofika chini akarudi juu, akaanza upya.

"Hayumo, Mjomba."

Nikamwambia arudie tena, huenda kalipita.